Nafasi Chache, Watoto Wengi: Historia ya Mchujo wa Vipaji Katika Vitongoji vya Virginia

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilialikwa kwa wiki kadhaa katika chuo kimoja jijini Washington. Badala ya kupanga hotelini nilifikia kwa binamu yangu, ng'ambo ya mto Potomac, katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia. Jumamosi ya kwanza niliamka nikitaraji kupiga soga na familia, nikakuta kijana wao wa darasa la nane ameshapelekwa tuisheni tangu alfajiri. Akarudi saa nane mchana, akala, akafungua kitabu kingine. Nilipouliza anajiandaa na mtihani gani, mke wa binamu yangu alinitazama kama mtu aliyeuliza mvua ni kitu gani. "Shemeji," akasema, "hapa mtoto hasubiri kufika darasa la saba ndipo achujwe. Mchujo unaanza akiwa na miaka saba. Huyu wetu tulichelewa kujua."

Mtihani aliokuwa akiuandaa ulikuwa wa kuingia Thomas Jefferson High School for Science and Technology, shule ya serikali ambayo wenyeji huiita TJ. Haina ada, na magazeti ya Marekani yamekuwa yakiipanga mara kwa mara katika safu ya juu kabisa ya shule za sekondari za umma nchini humo. Inachukua wanafunzi kutoka Fairfax na maeneo jirani ya Loudoun, Prince William, Arlington na mji mdogo wa Falls Church. Shule za serikali za Fairfax pekee zina wanafunzi wapatao 180,000, lakini wakati ule nafasi za kidato cha kwanza TJ hazikufika 500.

Niliporudi nyumbani niliendelea kufuatilia habari za shule ile, kwanza kwa sababu ya kijana wetu, kisha kwa sababu nyingine nitakayoieleza. Wanafunzi wangu wanapojadili mitihani ya mchujo hudhani kuwa wanajadili jambo la kitaalamu: nani ana akili zaidi, na tumpimeje. Historia ya Fairfax inaonyesha kuwa swali la nani ana kipaji limekuwa likijibiwa na watu ambao walikwisha kuamua kwanza viti vitakuwa vingapi na vitawekwa wapi.

Tuanze na mwenye jina la shule. Mwaka 1779, Thomas Jefferson alipendekeza muswada wa elimu kwa jimbo la Virginia. Watoto huru wangefundishwa bure kwa miaka mitatu, wavulana na wasichana. Baada ya hapo wavulana wachache wenye akili kutoka familia maskini wangechaguliwa na kusomeshwa kwa gharama za umma, wakichujwa na kuchujwa tena mpaka wabaki wachache kabisa. Baadaye alipoueleza mpango huo kitabuni alitumia lugha isiyo ya heshima hata kidogo kwa wale ambao wangeachwa nyuma. Watoto wa watumwa, wakiwemo waliokuwa mali yake mwenyewe, hawakuwemo katika hesabu. Bunge la jimbo halikuupitisha muswada ule kama alivyoutaka. Hata hivyo wazo lilibaki, kwamba umma unaweza kutimiza wajibu wake kwa maskini kwa kuwaokota wachache walio bora miongoni mwao.

Kilichokosekana kwa Jefferson ni kipimo. Kipimo kilikuja mwaka 1916, pale Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alipochapisha toleo la Kimarekani la mtihani wa akili wa Mfaransa Alfred Binet. Binet alikuwa ameutunga ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani, lakini Terman aliugeuza kuwa ngazi ya kuwapanga binadamu. Aliamini kuwa akili hurithiwa, na aliandika bila kificho kwamba watoto wa Kimeksiko, wa Kihindi Wekundu na Weusi walistahili kutengwa katika madarasa yao. Kuanzia mwaka 1921 aliwakusanya watoto wapatao 1,500 wa California waliopata alama za juu, akawafuatilia katika maisha yao yote. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa nje ya kundi hilo kwa upungufu wa alama walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968.

Katika jimbo la Virginia kipimo hicho hicho kilifanya kazi nyingine. Mwaka 1924 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu walioitwa wapungufu wa akili. Msichana wa kizungu, fukara, aitwaye Carrie Buck alipimwa, akatangazwa kuwa na akili ya mtoto wa miaka tisa, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1927 iliibariki sheria. Akafungwa uzazi. Binti aliyekwisha kumzaa, Vivian, ambaye naye alitumika kama ushahidi kwamba upungufu huo ni wa ukoo, alianza shule mjini Charlottesville, na mwaka 1931 jina lake liliwekwa katika orodha ya heshima ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka minane. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu habari za mtoto huyu kabla hatujafungua sura ya takwimu za elimu.

Vita Baridi vilibadili lugha. Warusi waliporusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, Wamarekani waliambiwa kuwa shule zao zimelala, na mwaka 1958 bunge likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha katika hisabati, sayansi na lugha za kigeni, na katika kuwatafuta wanafunzi wenye uwezo. Mtoto mwenye kipaji sasa alikuwa rasilimali ya taifa, kama chuma au mafuta. Mwaka 1983 tume ya serikali ikapiga tena mbiu kwamba taifa liko hatarini, safari hii mshindani akiwa Mjapani mwenye viwanda. TJ ilizaliwa katika hofu hiyo mwaka 1985, kwa ushirikiano wa serikali ya jimbo, kaunti na makampuni ya teknolojia, ndani ya majengo ya shule ya kawaida iliyokuwa na jina hilo hilo tangu mwaka 1964.

Wanaotetea shule hii hupenda kuanzia hapo, mwaka 1985. Ukianzia hapo, wanaogombania viti wanaonekana kana kwamba wote walifika mstari wa kuanzia mbio kwa wakati mmoja.

Mwaka 1950 Fairfax ilikuwa nchi ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, yenye watu wasiofika 100,000. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 450,000. Watumishi wa serikali kuu, maafisa wa jeshi na wahandisi walivuka mto wakajenga nyumba zenye bustani mbele na nyuma. Mpaka mwaka 1954 kaunti haikuwa na sekondari hata moja kwa mtoto Mweusi. Aliyetaka kuendelea baada ya shule ya msingi alisafiri kila siku hadi Manassas au Washington. Mwaka huo ikafunguliwa Luther Jackson High School, iliyopewa jina la mwanahistoria Mweusi wa Virginia, na mwaka huo huo, tarehe 17 Mei, Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Viongozi wa Virginia walijibu kwa mgomo. Prince Edward, kaunti nyingine ya jimbo hilo, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili mtoto mzungu asikae dawati moja na mtoto Mweusi. Fairfax haikufika huko, lakini haikuwa na haraka: watoto Weusi wa kwanza waliingia katika shule za wazungu mwaka 1960, nao walikuwa wa kuhesabika. Luther Jackson ikaacha kuwa sekondari mwaka 1965.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Kati ya mwaka ambao sekondari pekee ya Weusi ilifungwa na mwaka ambao shule ya vipaji ilifunguliwa kuna miaka 20 tu. Waliosoma Luther Jackson walikuwa na umri wa kati ya miaka thelathini na arobaini na kitu, yaani umri wa kuwa wazazi wa watoto waliotakiwa kufanya mtihani wa TJ.

Mwaka huo huo wa 1965 Marekani ilibadili sheria ya uhamiaji iliyokuwa imewafungia nje Waasia kwa makusudi. Sheria mpya iliwapa kipaumbele ndugu wa raia na watu wenye ujuzi, na matunda yake yalionekana Fairfax kama popote: Wakorea, Wavietnam waliokimbia vita, Wahindi, Wachina, na baadaye wataalamu wa kompyuta waliofuata makampuni yaliyojipanga kando ya barabara ya uwanja wa ndege wa Dulles. Wengi wao walitoka katika nchi ambako mtihani mmoja ndio huamua hatima ya mtu. Walipofika wakakuta mlango mmoja wa umma ambao haukuuliza unamjua nani wala lafudhi yako ikoje. Sioni haki ya kuwacheka kwa kuuamini. Sisi tuliosoma kwa mitihani ya taifa tunaelewa vizuri kwa nini mgeni hupenda mtihani kuliko usaili.

Lakini mlango huo ulikuwa na vibaraza vingi kabla yake. Kwa miaka mingi Fairfax imewapima watoto wa madarasa ya mwanzo kwa vipimo vya uwezo wa kufikiri. Wanaoteuliwa huingia katika madarasa ya masomo ya juu kuanzia darasa la tatu, mara nyingi kwa kuhamia shule nyingine iliyo kituo cha programu hiyo, na huendelea humo hadi darasa la nane. Mtoto ambaye alama zake hazikutosha anaweza kupendekezwa na mzazi wake, na akikataliwa, mzazi anaweza kukata rufaa na kuwasilisha matokeo ya kipimo alichofanyiwa na mwanasaikolojia wa kulipwa. Utaratibu wote uko wazi kwa kila mtu. Unachodai ni mzazi anayejua kuwa rufaa ipo, anayesoma Kiingereza cha ofisi, mwenye fedha za mwanasaikolojia, na asiyekuwa zamu ya usiku siku ya mkutano. Matokeo yake ni kwamba shule chache za kati, zilizo vituo vya programu hiyo, zilikuwa zikipeleka TJ makumi ya wanafunzi kila mwaka, huku nyingine zikikaa miaka bila kupeleka hata mmoja. Nyumba zilizo katika eneo la shule hizo chache zikapanda bei, kwa sababu anayenunua nyumba hapo hununua na nafasi ya foleni.

Mwaka 2012 chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, pamoja na kundi la wazazi, walipeleka malalamiko katika wizara ya elimu ya serikali kuu wakidai kuwa mfumo mzima, tangu darasa la pili, unawabagua Weusi na Walatino. Mjadala ukawaka, ukafifia. Kisha ukaja mwaka 2020.

Kijana wetu alifanya mtihani wake majira ya baridi ya 2019. Ada ya maombi ilikuwa dola 100, na ya tuisheni sikuthubutu kuuliza. Hakupata. Mwezi Juni 2020, siku chache baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis, takwimu za waliochaguliwa zilitolewa. Walikuwa 486, zaidi ya asilimia 70 wakiwa na asili ya Asia. Mbele ya wanafunzi Weusi hapakuwa na tarakimu. Waliandika kwamba ni wachache mno kuripotiwa, maana chini ya kumi takwimu hufichwa ili mtoto asitambulike.

Bodi ya shule ilichukua hatua kwa haraka ambayo haikuwahi kuionyesha katika miaka 35. Oktoba iliufuta mtihani na ada yake, na Desemba ikapitisha utaratibu mpya: nafasi ziongezwe hadi 550, na kila shule ya kati ya umma itengewe nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane, washindanie kwa alama za darasani na insha. Nafasi zilizosalia, kama mia hivi, zishindaniwe na wote. Watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu, au wanaotoka shule ambazo hazikuwa zikipeleka wanafunzi, waongezewe uzito. Jina na rangi ya mwombaji visionekane kwa wasomaji wa maombi.

Wazazi, wengi wao wenye asili ya Asia, waliunda umoja wakaenda mahakamani mwezi Machi 2021. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kanuni isiyotaja rangi inaweza kutungwa kwa shabaha ya rangi, na walikuwa na ushahidi: katika ujumbe wa simu, baadhi ya wajumbe wa bodi wenyewe walikuwa wamekiri kwamba mazungumzo yana harufu ya chuki dhidi ya Waasia. Mwezi Februari 2022 Jaji Claude Hilton alikubaliana nao. Mwezi Mei 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake kwa kura mbili dhidi ya moja, ikisema kwamba Waasia, waliokuwa takriban asilimia 48 ya waombaji, walipata asilimia 54 ya nafasi chini ya utaratibu mpya, hivyo hawawezi kusemwa wameonewa. Tarehe 20 Februari 2024 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza kesi. Majaji Alito na Thomas walipinga kukataa huko, Alito akiuliza, kwa maana, kama basi inaruhusiwa kulipunja kundi kwa makusudi ili mradi bado linafanya vizuri kuliko wengine. Ni swali zuri, na sidhani kwamba mahakama ya rufaa ililijibu vya kutosha.

Hata hivyo kuna hesabu nyingine katika kumbukumbu za kesi ambayo pande zote mbili hazikuipenda sana. Chini ya mtihani wa zamani, watoto wa familia maskini walikuwa chini ya asilimia moja ya walioitwa. Mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya wakawa takriban robo. Na miongoni mwa Waasia maskini, aliyeitwa mwaka 2020 alikuwa mmoja, na mwaka 2021 walikuwa 51. Watoto hao 50 wa ziada hawakuwa na nafasi katika hotuba ya yeyote. Walitajwa kwa kabila pale ilipofaa kusema Waasia wameonewa, na hawakutajwa kabisa pale ilipofaa kusema mtihani uliwapenda Waasia. Kwangu mimi hao ndio ushahidi kwamba mtihani ule ulikuwa umekoma kupima kile ulichodai kupima.

Sasa nieleze ile sababu nyingine. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa haba mno, na serikali iliamua kuzigawa kwa mafungu ya mikoa na wilaya. Wamisionari walikuwa wamejenga shule Kilimanjaro na Bukoba kuliko kwingine, na bila mgao huo watoto wa sehemu hizo wangejaza madawati mengi. Mimi nilimaliza darasa la saba katika wilaya ya pembezoni, na niliitwa kwa alama ambazo mwenzangu wa Moshi asingeitwa nazo. Mimi ni zao la mgao. Mwaka wa kwanza chuoni nilipanga chumba kimoja na Mchagga ambaye mdogo wake aliachwa mwaka ule ule niliochaguliwa. Aliniambia hilo mara moja tu, bila hasira, na sikuwa na la kumjibu. Sina hata leo. Wazazi wa Kilimanjaro, kwa upande wao, walichanga fedha za kahawa na za madukani wakajenga sekondari zao binafsi, na pengo lililofungwa kwa kalamu ya wizara likafunguliwa tena kwa jembe na saruji.

Kwa hiyo nasoma habari za Fairfax nikiwa na deni. Najua asilimia 1.5 inaweza kumfanyia nini mtoto ambaye shuleni kwake hakuna aliyewahi kufika. Najua pia kwamba kila kanuni ya mgao huzaa ufundi wa kuikwepa, na kwamba wazazi wenye uwezo watahamia karibu na shule dhaifu iwapo huko ndiko kwenye nafasi. Ninalolishangaa zaidi ni lile ambalo kesi nzima haikuligusa: kaunti ambayo ni miongoni mwa tajiri kabisa Marekani ilitumia miaka mitatu mahakamani kubishania viti 550, na hakuna upande uliodai shule ya pili. Uhaba ulichukuliwa kama hali ya hewa. Tanzania ya mwaka 1975 ilikuwa na haki ya kusema haina fedha.

Watumishi wa wizara wanaonisoma, najua mnaona mbali kuliko mimi katika hili. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora bado ni shule za vipaji maalumu, na kila matokeo yanapotoka, shule za msingi binafsi hubandika matangazo barabarani zikitaja idadi ya watoto wao walioitwa huko. Ningependa kuona wizara ikichapisha, kwa kila mmoja wa shule hizo saba, orodha ya shule za msingi walikotoka wanafunzi wake kwa miaka kumi iliyopita. Fairfax ilihitaji kesi ili hesabu kama hiyo iwekwe mezani.

Mke wa binamu yangu hakuufurahia utaratibu mpya. Alinipigia simu Desemba ile ya 2020, sauti ikitetemeka. Walikuwa wamelipa, mtoto amekosa utoto wa Jumamosi miaka miwili, na sasa mtihani umefutwa kana kwamba haukuwahi kuwa na maana. Nilimkumbusha kwamba katika takwimu zile mwanawe ni Mweusi, na kwamba mabadiliko yanasemwa kufanywa kwa ajili ya watoto kama yeye. "Shemeji," akasema, "mwanangu hakukosa kwa sababu ni Mweusi. Alikosa kwa sababu tulichelewa." Kijana alisoma katika sekondari ya mtaani kwao, na sasa yuko chuo kikuu cha jimbo, anasoma uhandisi. Mdogo wao wa mwisho yuko darasa la pili. Mwaka huu nilipowasalimia wakati wa Idi, niliambiwa kuwa karatasi za vipimo zimeshaletwa nyumbani, na kwamba mama yake amempatia mwalimu wa Jumapili pia.